Ngoma za muheme zinapasuka kila kiangazi, na usajili tuanzie wapi?

MwanaChilonwa:
Mbukwenyi wakuu. Kikundi chetu kiko wilaya ya Chamwino, Dodoma: akina mama 14 wa muheme, ile ngoma ya Wagogo inayopigwa na wanawake, na vijana 4 wa zeze na marimba ya vidole gumba. Ngoma ni tano. Mbili ziliwambwa upya mwezi wa sita, na kufika wa nane zote zimepasuka ukingoni, palepale zilipopasuka mwaka jana. Tumeitwa pia kwenye shughuli ya halmashauri, tukaulizwa cheti. Tuanze kwa afisa maendeleo ya jamii au BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa)?

FundiMzinga:
Dada, ngozi ikipasuka palepale mara mbili, usiilaumu ngozi. Ing'oe, kisha pitisha kidole taratibu kuzunguka mdomo wa mzinga, yaani ule mti wa ngoma. Ukigusa makali, ndipo panapokata. Piga msasa mpaka ukingo uwe wa mviringo kama mdomo wa kikombe cha udongo.

Kosa la pili ni kuivuta mno ikiwa mbichi. Ngozi hujivuta yenyewe ikikauka, na kwetu kuanzia mwezi wa sita upepo ni mkavu, kwa hiyo inaendelea kujivuta wiki nyingi baada ya kuwamba. Ukiivuta mpaka mwisho siku ya kwanza, umeinyima nafasi. Vuta kwa mkono mpaka mikunjo iishe, basi.

Ngozi ya mbuzi iloweke kwenye maji baridi usiku kucha. Maji ya moto huivuruga, ikikauka inakatika kama karatasi. Nyoa manyoya kwa kisu kisicho kikali sana. Mstari wa uti wa mgongo upite katikati ya mdomo, maana pande zake mbili hunyooka sawa. Ukiupeleka pembeni, upande mmoja utalegea. Vigingi vipigwe viwili viwili vinavyotazamana: juu na chini, kulia na kushoto, kisha jaza katikati kwa nafasi ya vidole viwili. Ukizunguka upande mmoja tu, ngozi itakaa mshazari. Kausha kivulini siku 3. Juani ukingo hukauka kabla ya katikati, na hapo ndipo ufa unapoanzia.

Ngoma ambayo ngozi yake imelegea tu bila kupasuka msiiwambe upya kabla ya kuijaribu motoni.

Mpigaji_Nala:
Naongeza hapo kwenye moto. Tumieni mabua ya uwele au majani makavu, si makaa. Makaa huunguza sehemu moja. Zungusha ngoma, kiganja chako kiwe kati ya ngozi na moto. Kiganja kikishindwa kuvumilia, ngozi nayo inaungua. Sikiliza: sauti ikipanda na kuwa kavu, toa. Ngoma kubwa ipashwe mwisho, kwa kuwa ndiyo inayoongoza na haitakiwi kupoa kabla ya kuanza. Na msipake mafuta kwenye ngozi. Mafuta yapakwe kwenye mti, ndani na nje, ili mzinga usipate nyufa.

Karani_wa_Kata:
Upande wa makaratasi. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji na barua yake, kisha nendeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Andaeni katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao uliosainiwa na wanachama waliohudhuria, na majina ya viongozi. Afisa utamaduni ndiye atakayewaongoza kwenye usajili wa BASATA.

Afisa maendeleo ya jamii ni njia nyingine. Huko ndiko kuna mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkopo huo unataka mradi wa kuzalisha, kwa hiyo ngoma peke yake haitoshi. Oneni kama mnaweza kuunganisha na ususi au alizeti. Cheti cha huko hakichukui nafasi ya cha sanaa, na watu wengi huchanganya.

Katiba iseme wazi malipo yanagawanywaje: nauli kwanza, kisha fungu la kutengeneza ngoma, kisha wanachama. Wazee walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na vikundi vingi vimevunjika kwa sababu ya mshika fedha ambaye hakuandikiwa kanuni.

MwanaChilonwa:
Asanteni sana. Nimepapasa mdomo wa ngoma moja sasa hivi, makali yapo kweli, upande mmoja tu. Marimba nayo haivumi siku hizi, inalia kavu.

FundiMzinga:
Angalia tundu kwenye ubao. Linatakiwa kufunikwa na utando wa buibui, ule mweupe mzito kama karatasi nyembamba unaopatikana kwenye kuta za udongo. Umetoboka au umejaa vumbi. Bandua wa zamani, weka mpya ukinyooka kidogo tu. Ukikaza mno hautetemi, na ukilegea haulii. Kisha funika marimba kwa kitambaa njiani. Vumbi la barabara huziba utando ndani ya safari moja.