Fosi septike juu ya mawe ya volkani, Keshero: maji ipite wapi?

MamaKeshero
Bandugu mujambo. Minaomba shauri juu ya parseli yetu hapa Goma. Tuko batu 9 mu nyumba, choo ya shimo imejaa, tunataka kutia choo ya maji na fosi septike, ni kusema tangi ya kupokea uchafu ya choo. Bafundi balichimba wiki mbili na nyundo kubwa na baramini, balifikia metre moja na nusu tu, chini ni lava ngumu. Pembeni bakakuta ufa, mukono unaingia mupaka kwa kiwiko na kaupepo kanatoka. Fundi akafurahi, eti "Mama, hapa njo pwi perdi yako, shimo ya kupoteza maji, itameza yote, hautalipa vidanje, ile kazi ya kutosha uchafu mu fosi, hata siku moja." Akamwanga ndoo 4, maji ikapotea palepale. Njo vile nikaogopa. Inaenda wapi? Sisi tuko chini karibu na ziwa na batoto ba avenyu banateka maji pale na bidon kila asubui.

Fundi_Majengo
Mama uliogopa muzuri. Batu wengi banazani fosi inasafisha maji, apana, inatenganisha tu: zito inashuka chini, mafuta inaelea juu, maji ya katikati inatoka na vijidudu vyake vyote. Udongo njo unamaliza kazi, maji ikipita ndani yake polepole. Sasa kwetu udongo uko wapi? Mu ufa ya lava hakuna kitu cha kuchuja, na kolera hapa Goma tunaijua.
Ziba ile ufa na mawe na simenti. Jenga fosi ya vyumba 2, cha kwanza kikubwa kuliko cha pili, piga lipu ya simenti ya kutosha chini na mu kuta isivuje. Batu 9, litre 50 kila mutu kwa siku, ni 450, na matope itakuwa inajikusanya, basi metre kibe 3 itakutosha, vidanje kila miaka 2 ao 3. Tiyo ya kutoka iwe na umbo la T, mudomo wake uingie chini ya mafuta, bila ile T, mafuta itatoka na kuziba mbele. Kisha maji iende mu kitanda cha muchanga, unajenga kuta za mawe juu ya lava, unajaza karavye (vijiwe) chini na muchanga juu, kina cha muchanga kisipungue sentimetre 60. Choo utaipandisha na ngazi kama nyumba mingi za huku, ili maji ishuke yenyewe.

Wa_Himbi
Mama, ile kaupepo nayo angalia. Fasi zetu za chini kuna mazuku, gazi inatoka mu mawe, haina harufu, ni nzito kuliko hewa inalala mu shimo. Mutu asishuke mule asubui mbele ya kushusha kwanza taa ya moto na kamba, ikizima basi hakuna kushuka. Ikiendelea kuwaka pia mufundi akae na kamba ku kiuno na batu 2 juu, na mutu akianguka musishuke kumufuata, mumuvute. Na fosi yenyewe ikisha kutumika hakuna mutu wa kuingia kamwe, hata kwa dakika moja, gazi ya uchafu inaua vilevile.

Kijana_Katuba
Miye niko Lubumbashi, huku udongo mwekundu uko mingi, shida yetu ni visima. Kisima chetu na shimo ya choo ya muyirani ni hatua 8, ukuta tu katikati, wanasema iwe metre 30. Mvua za Januari maji ya kisima ilipanda nikaweza kuiguza na mukono, ikawa na rangi ya chai na muke wangu akalazwa na bale batoto 2. Tangu pale hatukunywa tena maji isiyochemka. Yaya, jirani wako wa chini ya parseli yako ni nani? Fikiria yeye kwanza.

MamaKeshero
Jirani wa chini ni mujane na bajukuu 5, njo beye banateka ku ziwa. Aksanti sana wote. Leo fundi alikasirika kidogo lakini tumeziba ufa, simenti haijakauka. @Fundi_Majengo, kutoka mulango wa choo mupaka fasi ya kitanda inashuka sentimetre 70 tu. Itatosha ao nipandishe choo ngazi ingine 2?

Fundi_Majengo
Pandisha 2. Muchanga peke yake inakula 60, karavye ya chini nayo iko na yake, na tiyo inaomba kuinama kidogo.