Kufunga matoleo, kukagua sahihi au kujenga kutoka Git: njia ipi inaulinda mradi mdogo wa programu huria?

Mhunzi_wa_Msimbo:
Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu. Sisi ni watu wanne tunaotunza programu huria ya hesabu kwa ajili ya vyama vya kuweka na kukopa. Programu yenyewe si kubwa, lakini inategemea maktaba (vipande vya msimbo vilivyo tayari kutumiwa) zaidi ya mia mbili zilizoandikwa na watu tusiowafahamu. Nguvu tuliyo nayo inatosha kutekeleza jambo moja au mawili kwa ukamilifu, kwa hiyo nataka tulinganishe njia nne: kuziachia maktaba zijisasishe zenyewe; kufunga matoleo, yaani kubaki na toleo mahususi la kila maktaba, na kungoja siku kadhaa kabla ya kupokea jipya; kukagua sahihi ya kidijitali ya kila kifurushi, yaani alama inayothibitisha ni nani aliyekitoa; au kujenga wenyewe kutoka kwenye msimbo chanzo ulioko Git, yaani hifadhi inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo. Kipimo changu ni hiki: ipi kati ya hizo ingezuia mashambulizi ambayo yamekwisha kutokea?

Zuhura_Seva:
Ndugu Mhunzi, kwa kipimo hicho huwezi kukikwepa kisa cha mwaka 2024 cha XZ Utils, programu huria ya kubana data inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan aliuchangia mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Katika kipindi hicho majina mengine yasiyojulikana yalikuwa yakimsonga mtunzaji wa awali apokee msaidizi, naye alikwisha kueleza hadharani kwamba afya yake ya akili ilikuwa ikimsumbua na kwamba kazi ile haikuwa na malipo. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri uliolenga SSH, huduma ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali. Sahihi zake zilikuwa halali kabisa, kwa kuwa aliyezitia ndiye aliyekuwa mshambuliaji. Kwa hiyo njia yako ya tatu, ikisimama peke yake, isingesaidia chochote.

FundiTarakilishi:
Nakubaliana na Dada Zuhura kuhusu sahihi, ila kwa mradi mdogo naona kungoja ndiko kunakoleta faida ya haraka. Tarehe 8 Septemba 2025 mtunzaji wa vifurushi maarufu vya npm (ghala la mtandaoni la maktaba za JavaScript), vikiwamo chalk na debug, alidanganywa kwa baruapepe iliyojifanya imetoka npm na kumtaka asasishe uthibitishaji wake wa hatua mbili. Vifurushi 18, ambavyo kwa pamoja hupakuliwa zaidi ya mara bilioni mbili kwa wiki, vikatolewa vikiwa na msimbo uliobadilisha anwani za malipo ya sarafu za kidijitali ndani ya kivinjari. Jambo hilo liligunduliwa mapema na matoleo hayo yakaondolewa ndani ya saa chache. Aliyejiwekea siku saba za kungoja hakuguswa.

Zuhura_Seva:
Siku saba zinatosha kwa kisa hicho, Ndugu Fundi. Lakini toleo la 5.6.0 la XZ lilitoka tarehe 24 Februari na ugunduzi ukatangazwa tarehe 29 Machi, yaani siku 34 baadaye, na hata hapo ni kwa sababu Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH kukichelewa kwa takribani nusu sekunde na hakukubali kuliacha jambo hilo bila maelezo. Tena kungoja kuna gharama yake. Kasoro ya Apache Struts, programu huria ya kujengea tovuti, ilirekebishwa Machi 2017. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, haikuweka marekebisho hayo, na kuanzia Mei wavamizi wakachota taarifa za watu wapatao milioni 147. Matoleo ya kawaida yangoje, lakini marekebisho ya usalama yasingoje, na awepo mtu mwenye jukumu la kusoma matangazo yake kila siku.

Mjenzi_Kilindini:
Naomba tusiipite haraka njia ya nne. Katika XZ, mzigo wa sumu ulikuwamo ndani ya Git, umefichwa katika faili za majaribio, ambazo mkaguzi hashangai kuziona zimeharibika kwa sababu kazi ya faili hizo ni kupima kama programu inastahimili data mbovu. Lakini kichocheo, yaani mistari ya faili build-to-host.m4 iliyoufukua mzigo huo wakati wa ujenzi, hakikuwamo Git. Kilikuwa tu ndani ya kifurushi cha toleo, yaani faili iliyofungashwa ambayo watu huipakua. Aliyejenga moja kwa moja kutoka Git alibaki na mzigo usioamshwa.

Wapo watakaokutajia ujenzi unaorudiwa, ambapo watu wawili wakijenga kutoka chanzo kimoja hupata faili zilezile biti kwa biti, na Debian, mradi unaotoa mfumo endeshi wa Linux, imefanya kazi kubwa sana katika jambo hilo. Naithamini kazi hiyo, lakini hapa isingetosha, kwa maana wawili wakianza na kifurushi kilekile chenye sumu watapata programu ileile yenye sumu na wataafikiana kikamilifu. Kwanza kifurushi kilinganishwe na Git. Kwa maktaba mia mbili hamtaweza. Chagueni zile chache zinazogusa nywila, fedha na mtandao.

Asha_wa_Kodi:
Naongeza moja tu. Kisa cha npm kinaonyesha kwamba tarakimu sita za uthibitishaji zinaweza kuibwa kupitia tovuti bandia. Ufunguo wa kuchomeka kwenye kompyuta huambatana na anwani halisi ya tovuti, hivyo tovuti bandia haipati jibu. Kila mmoja wenu awe na wake, pamoja na wa akiba.

Mhunzi_wa_Msimbo:
Nawashukuru sana. Tumekubaliana tufunge matoleo yote, tungoje siku kumi na nne isipokuwa kwa marekebisho ya usalama, na tujenge kutoka Git maktaba tisa zinazogusa nywila na fedha. Funguo tutanunua mwezi huu.

Katika kuzipitia hizo tisa, tumegundua kwamba mbili zinatunzwa na mtu mmoja mmoja. Tumepanga kuwaandikia kuwauliza ni kazi gani tunaweza kuwapunguzia, na tutajitambulisha kwa majina yetu kamili na jina la mradi, kwa sababu baada ya Jia Tan mtunzaji ana haki ya kumtilia shaka mgeni anayejitolea kumsaidia. Aliyewahi kufanya hivyo naomba anieleze alianza na kazi gani.