Wanasema mtalaka hatongozwi, lakini huyu wangu ananiachia elfu moja kila siku. Naombeni ushauri

Mama Chapati

Habari za jioni wana jukwaa. Mimi ni mama lishe hapa Muheza, kibanda changu kiko karibu na stendi. Nina miaka 41 na watoto wawili, mkubwa yuko kidato cha tatu. Mwaka mzima nasoma nyuzi za humu bila kuandika neno, leo limenifika mwenyewe.

Miaka sita iliyopita niliandikiwa talaka moja. Chanzo ni kibubu. Nilikuwa na kibubu cha mbao, na kila jioni nikishafunga kibanda nadumbukiza elfu moja. Nilikuwa natafuta hela ya jokofu niuze na juisi. Siku hiyo narudi sokoni nakuta kibubu kimepasuliwa, kitupu. Mume wangu akasema wameingia wezi. Mimi kwa uchungu nikamtaja kijana wa jirani, kwa vile ndiye aliyekuwa akipitapita uani kwetu. Nikamtaja mbele ya mjumbe na watu wamejaa. Mama yake alilia siku ile, mpaka leo namsikia.

Wiki tatu baadaye anakuja mtu mlangoni kudai hela ya Fuso. Ndipo mambo yakawa hadharani. Ile 740,000 aliichukua yeye. Walinunua machungwa yakiwa bado mtini, wakayapakia kwenda Buguruni, gari likafia Mkata. Siku tatu juani. Mtu wa Muheza hana haja ya kuelezwa machungwa hayo yalifika vipi.

Hela iliniuma, sikatai. Ila uongo uliniuma zaidi, na yule mtoto wa watu. Tuligombana mpaka majirani wakaingia ndani, naye kwa hasira akachukua karatasi akaandika, asubuhi akapanda basi la Dar. Matumizi ya watoto alikuwa anatuma, hilo nalisema kwa haki.

Mwaka huu amerudi. Amepanga chumba ng'ambo ya barabara, ni fundi wa mabomba siku hizi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi yeye ndiye mteja wangu wa kwanza. Chapati mbili, maharage, chai ya rangi. Analipa kamili. Akishaondoka, nikiinua sahani nakuta noti ya elfu moja imekunjwa mara nne, uso wa Mwalimu uko ndani. Siku ya kwanza nilidhani imemponyoka, nikamkimbilia barabarani na mwiko mkononi. Akasema, "Ni yako hiyo," akaendelea na njia yake. Kesho yake tena. Na kesho yake. Nikawa naziweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Jana usiku nimezihesabu, ziko 187.

Juzi tu ndiyo akili ilinijia. Anarudisha kibubu.

Hajanitamkia neno. Hajaomba radhi, hajasema turudiane. Na mji wetu mnaujua ulivyo mdogo. Vijana wa bodaboda wanahesabu kuliko mimi, asubuhi wananiamkia, "Shikamoo mama, imefika ngapi?" Wenzangu wa kikoba wameshachagua kitambaa cha sare, wananiuliza kama zambarau inanipendeza. Mama yangu mzazi anasema nisijichoshe, mtalaka hatongozwi, nimwambie alete begi lake ndani yaishe.

Hapo ndipo ninapokwama. Mimi nataka nitongozwe. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 20, wazee walimaliza kila kitu sebuleni mimi niko jikoni nakuna nazi. Nimefika umri huu hakuna aliyewahi kuniuliza mimi.

Zimebaki siku 553. Nisubiri amalize au nimuulize sasa? Na je, akimaliza deni asionekane tena? Naombeni msaada wa kweli, nalala saa nane za usiku.

Kobe wa Korogwe

Pole sana dada. Nimekaa hapa, siondoki. Kwanza niulize jambo moja: maharage unayaunga kwa nazi? Maana mimi nimewahi kuvuka mji mzima kila siku kwa ajili ya maharage ya mama mmoja, na watu wakadhani namtaka.

Mama Chapati

Ni ya nazi, kaka. Ila aliyefuata maharage haachi elfu moja chini ya sahani.

Kobe wa Korogwe

Basi huyo anakutaka. Endelea.

Binti wa Handeni

Shoga, mimi nilimrudisha wangu. Alikuja na doti ya kanga na kilo mbili za sukari, nikafungua mlango kabla hajamaliza salamu. Mwezi wa nne nikajua Dar kuna mwanamke na mtoto anayetambaa. Kwa hiyo usihesabu noti tu. Miaka sita alikuwa analala wapi, na nani anampikia? Muulize macho kwa macho.

Na jambo la pili. Wezi aliwasingizia kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Sasa mbona ukweli anauleta umekunjwa mara nne? Autoe kwa sauti vilevile.

Mpemba wa Barabara ya 12

Nakubaliana na Binti. Mimi ni mwanamume na nasema: kuweka hela ni rahisi kuliko kusema "nilikosa". Tunaweka hela ili tusiulizwe.

Mwalimu wa Chuo

Assalaam alaykum dada yangu. Naona watu wanakwambia alete begi, na hapo nataka nikutoe hatarini.

Kama ile karatasi ni talaka moja kweli, na si wewe uliyejivua kwa kumlipa yeye, basi alikuwa na haki ya kukurejea ndani ya eda yako, yaani ule muda wa kungoja baada ya talaka, bila ndoa mpya. Eda ilikwisha zamani sana. Sasa yeye kwako ni mwanamume kama wanaume wengine wanaokula kwenye kibanda chako. Akitaka mrudiane ni akidi mpya, yaani kufungishwa ndoa upya: walii wako wa kukuozesha, mashahidi wawili, mahari mapya, na kabla ya yote hayo ridhaa yako. Mahari ni yako wewe, si ya mama wala ya kaka, na unataja unachotaka, kitolewe papo hapo au kiahirishwe mkikubaliana. Ile talaka ya mwanzo haifutiki, mkirudiana amebakiwa na mbili tu, ajichunge.

Mama usimkasirikie. Huo msemo wa mtalaka wahenga waliusemea mazoea ya watu waliokwisha kujuana. Hausemi kwamba binadamu asiulizwe.

Tafadhali itafute karatasi uisome tena. Wapo watu wamekaa miaka na "moja" kumbe iliandikwa tatu, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Mama Chapati

Waalaykum salaam mwalimu, Allah akulipe kheri. Nimeitoa kabatini sasa hivi, iko ndani ya daftari la kliniki la mwanangu. Ni moja. Ameandika "talaka moja" kwa kalamu nyekundu, maana ndiyo iliyokuwa mezani.

Karani Mstaafu

Salaam kwenu. Nimefanya kazi mahakama ya mwanzo miaka mingi, nina swali fupi kwa mleta mada. Baada ya karatasi hiyo, mlikwenda Baraza la Usuluhishi la Ndoa? Kuna mahakama yoyote iliyotoa amri ya talaka?

Mama Chapati

Hapana mzee. Ilikuwa karatasi, sheikh wa mtaa na mashahidi. Nikakaa eda, basi.

Karani Mstaafu

Nilidhani hivyo, ni kawaida mno. Sasa kaa chini mwanangu.

Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 12, ndoa inaendelea kuwepo mpaka ivunjwe kwa njia zilizotajwa, na kwa walio hai hapa nchini maana yake ni amri ya mahakama. Mume kuandika karatasi peke yake hakuifuti ndoa kwenye macho ya serikali. Kabla ya mahakama kuna Baraza, kifungu cha 101, nalo ndilo linalotoa hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Mahakama ndiyo inayovunja.

Kwa hiyo kwa dini mwalimu amesema sawasawa: si mkewe tena, na anahitaji akidi mpya. Ila kwa vitabu vya serikali bado ni mumeo. Siku zote 187 ulikuwa unamuuzia chapati mumeo wa ndoa.

Sisemi haya ili kukusukuma kwake. Ukiamua humtaki, usiishie kumfukuza kibandani. Nenda Baraza la kata, kisha mahakamani, upate amri mkononi, maana siku akifa mmoja wenu au mkigombania kiwanja ndipo watu wanapoanza kulia kwenye korido zetu. Nimewaona wengi mno, na wengi ni kina mama.

Kobe wa Korogwe

Subirini. Kwa dini si mke, kwa serikali ni mke, kwa kikoba ni bibi harusi wa zambarau, na kwa mwanamume mwenyewe ni mama chapati. Dada, hata mimi leo silali.

Boda wa Stendi

Shikamoo mama. Nimesoma uzi huu tangu jana nashindwa niandike nini.

Ni mimi. Yule kijana wa uani.

Kwanza nikutoe wasiwasi, ulishakuja kuomba radhi nyumbani zamani, mama alipokea na mimi nilipokea. Nakula kwako kila siku, ningekuwa na kinyongo ningekula kwako?

Nataka ulijue hili kabla hujaamua. Baba watoto wako alipofika kutoka Dar, begi likiwa bado begani, hakuja kwako wala hakwenda kutafuta chumba. Alikuja kwetu. Alimkuta mama anapepeta mchele. Alikaa chini, kwenye vumbi, mama akamwambia kuna kigoda akakataa. Akasema, "Mwanao hakuiba. Niliiba mimi, nikamwacha abebe." Akanigeukia mimi akasema hivyohivyo. Mama alinyamaza muda mrefu, halafu akaendelea kupepeta, halafu akamuuliza kama amekula.

Akatuomba tusikwambie. Alisema hataki ionekane amekuja kwetu ili wewe usikie. Nimekaa nalo miezi yote hii, lakini kukuacha usubiri siku 553 gizani, nimeona si haki.

Binti wa Handeni

Nimesoma mara mbili. Kuhusu kusema kwa sauti nafuta nusu. Nusu nyingine inabaki, aje aseme na kwako. Na habari za mwanamke wa Dar bado nazitaka.

Mama Chapati

Mwanangu Boda, nimeusoma ujumbe wako nikiwa nakanda unga, nikakaa kwenye gunia la unga lenyewe. Ahsante. Msalimie mama, jioni nakuja.

*Siku mbili baadaye*

Mama Chapati

Nimeleta mrejesho kama mlivyodai.

Leo asubuhi alipokaa sikumletea chapati. Nilileta kopo la maziwa, nikamwaga noti zote mezani mbele yake, zimekunjwa vilevile kama punje za mahindi. Zilikuwa 189. Wateja walikuwepo wanne na mzee mmoja anayesubiri basi la Amani. Nikamuuliza, "Hizi ni nini?"

Alishika kikombe kitupu kwa mikono miwili. Akasema, "Wewe ulikuwa unaweka elfu moja kila jioni. Mimi nilizibeba zote kwa siku moja. Nilitaka nijue ilikuwa inachukua muda gani."

Akasema laki saba na arobaini anayo, alikuwa nayo tangu alipopanda basi. Ila aliona akinipa kwa mkupuo atakuwa ananiziba mdomo.

Nikamwambia sijamaliza. Kibubu kilipasukaje? Hapo akasimama. Akasema, tena si kwa kunong'ona, wateja wote wakasikia, "Nilikipasua mimi kwa patasi ukiwa sokoni. Nikasema wezi. Nisamehe." Yule mzee wa Amani akaweka chai chini akasema, "Haya, huo ndio usemi." Nyuma yangu chapati tatu zikaungua. Mzee akazila zote, akasema zimeiva vizuri.

Binti wa Handeni, nimemuuliza na la Dar. Alikuwepo mchumba, wakaachana kabla ya posa, hakuna mtoto. Amenipa namba ya dada yake aliyekuwa akikaa naye Mbagala niulize mwenyewe, na nimeshapiga. Ni kweli.

Sijamkubalia. Nimemwambia kaka yangu yuko Pongwe, na yeye ndiye walii wangu sasa. Atafute mshenga, wavae vizuri, waende wakabishe hodi kama watu wasiojulikana. Kaka atawaambia wasubiri, kisha atapiga simu, na safari hii nitaulizwa mimi, sitakuwa jikoni. Mahari yangu ni jokofu. Karani, ijumaa nakwenda kuulizia hiyo habari ya serikali ili tujue tunasimama wapi, kwa vyovyote vile.

Akaniuliza, "Na zile 551?" Nikamwambia ziko palepale.

Mwalimu wa Chuo

Jokofu ni mahari sahihi kabisa. Taja na ukubwa wake, lita ngapi, iandikwe.

Kobe wa Korogwe

Na zambarau?

Mama Chapati

Zambarau hainipendezi. Nimewaambia kikoba kijani.

Boda wa Stendi

Leo 190. Nimeshuhudia kwa macho yangu, nilikuwa benchi la pili. Hakuikunja. Ameiacha wazi juu ya meza, akaikandamiza na kikombe isipeperuke.