Kupiga puti kuta za bafu: jasi inafaa, au nitumie ya saruji nyeupe?

Swali

Habari zenu, ndugu. Nimebandua vigae vya zamani kwenye ukuta wa bomba la mvua bafuni kwangu, na lipu iliyobaki imejaa mashimo na mabaki ya gundi. Kuta nyingine tatu zina rangi ya mafuta inayong'aa, isipokuwa nyuma ya mlango ambako lipu iko wazi. Nakusudia kuzipiga puti zote mwenyewe (yaani kuzipaka tabaka jembamba la kulainisha), kisha ule wa bomba la mvua niurudishie vigae na hizo tatu nizipake rangi. Nimeshanunua puti ya jasi, lakini jirani ananiambia jasi haifai bafuni. Jana nilijaribu nyuma ya mlango, na kabla sijamaliza kulainisha, puti ilikuwa imekauka na kubanduka vipande vipande kama ganda la yai mwiko ulipopita. Nimekosea wapi?

Jibu la 1

Jirani yako amesema kweli, ila si kwa kuta zote. Jasi huyeyuka majini, takribani gramu 2 kwa lita, na ingawa kiasi hicho ni kidogo, ukuta unaorushiwa maji kila siku hulainika hadi ukiubonyeza kwa kidole gumba unabaki na alama. Kuta zinazopata mvuke tu, ambazo hukauka dirisha likifunguliwa, huweza kubeba jasi bila shida.

Ukuta wa vigae usiuguse kabisa kwa jasi. Gundi ya vigae yenye saruji ikikutana na jasi penye unyevu, hutokea mmenyuko unaotengeneza fuwele zinazovimba na kukisukuma kigae kutoka ukutani. Tena lipu ya jasi kwa kawaida huwekewa kikomo cha kubeba vigae vya kilo 20 kwa mita ya mraba, uzito wa gundi ukiwamo. Ziba mashimo kwa saruji na mchanga, nyoosha, paka kizuia maji, kisha bandika vigae. Ukuta wa vigae hauhitaji ulaini wowote.

Jibu la 2

Naongezea kuhusu kile kilichobanduka, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Lipu kavu ilifyonza maji ya puti kabla haijashika. Wengi hupaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa, lakini gundi hiyo hurudi kuwa laini ikilowa, kwa hiyo bafuni mimi siikubali. Tumia praima ya akriliki, yaani rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta, na uiache ikauke.

Rangi ya mafuta ina tatizo la kinyume, kwani haifyonzi chochote na puti haipati pa kushika. Kwangua yote inayolegea, piga msasa hadi mng'ao uishe, osha mafuta ya sabuni, kisha paka praima yenye chembechembe za mchanga. Unapochanganya puti, mwaga unga kwenye maji, si maji kwenye unga, na ndoo iwe safi kabisa, maana mabaki ya jasi iliyokwisha kuganda huharakisha kuganda kwa mchanganyiko mpya. Ukianza kushika, usiuongeze maji, utupe. Piga mikono (matabaka) miwili myembamba, jumla yake milimita 2 au 3.

Mwenye swali

Nawashukuru sana. Kuna jambo sikulitaja: chini ya sinki ukuta una kuvu jeusi, na nikiugonga unatoa sauti ya uwazi. Naweza kupiga puti juu yake?

Jibu la 3

Hapana, ndugu yangu. Sauti hiyo maana yake lipu imeachana na tofali, na puti itaanguka pamoja nayo. Ila kabla ya kuibomoa, bandika kipande cha nailoni hapo kwa utepe pande zote nne na ukiache kwa saa 24. Matone yakitokea upande wa ndani, unaotazama ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakitokea upande wa nje, ni mvuke wa kuoga unaogandia penye ubaridi, na dawa yake ni kupitisha hewa.

Mwenye swali

Nimeitoa nailoni asubuhi hii. Upande wa ndani umelowa chepechepe, na matone ni mengi zaidi karibu na bomba linaloingia ukutani. Puti nimeiweka kando. Kwanza naita fundi bomba.