Tupeane uzoefu: wewe unayetumia kilevi kwa starehe, kiasi chako ulikijuaje?

Wakuu habari za muda huu. Naomba humu tusihubiriane na tusisifiane pia. Nawataka wale waliowahi kutumia chochote kwa starehe, iwe pombe, bangi, sigara, mirungi au vile vikali zaidi, mseme ukweli kiasi chenu mlikijuaje au kiliwapotelea wapi. Naanza mimi.

Mimi ni mtu wa mtungi na msokoto mara moja moja. Miaka mingi nilikuwa najitetea kwamba nakunywa wikiendi tu, na nilikuwa naamini kabisa, mpaka tulipobishana na mke wangu nikaanza kuweka alama kwenye kalenda ya simu kila siku niliyokunywa, nia ilikuwa kumuonyesha kwamba ananionea. Mwezi ulipoisha nikakuta wikiendi yangu inaanza Alhamisi na inaisha Jumatatu, Jumatatu eti ilikuwa ya kutoa hangova. Dah. Sikumuonyesha ile kalenda.

Siku hizi idadi naipanga kabla sijatoka nyumbani, maana glasi ya tatu ikishaingia anayepanga sio mimi tena. Na nilikuwa na ule ujinga wa kunywa haraka halafu naagiza kahawa nyeusi nijirudishe. Ini lina mwendo wake, karibu kinywaji kimoja cha kawaida kwa saa, kahawa hailiharakishi wala maji baridi, unachopata ni mlevi aliye macho. Halafu kila mwaka natoa mwezi mmoja sigusi kabisa. Mwaka ule mwezi ukinishinda nitajua nina kesi ya kujibu. Haya, endeleeni.

Mzee wa Pafu Moja
Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi bangi ya kuvuta naimudu vizuri, pafu mbili tatu nashiba nazima, najijua. Kilichonipata ni keki. Jamaa yangu kanipa kipande nikala, nikakaa dakika arobaini sisikii kitu, nikamwambia mbona hii yako feki, nikala cha pili. Wakuu, bangi ya kula inaweza kuchukua mpaka saa mbili ndio ije, kwa sababu inapita tumboni kwanza, na ini linaibadilisha inakuwa kali kuliko ile ya moshi, alafu inakaa masaa na masaa. Zilipokuja zote mbili kwa pamoja nilijua ndio nakufa, moyo unapiga hadi nausikia masikioni, nikampigia mama yangu simu saa nane usiku kumuomba msamaha wa vitu ambavyo hata alikuwa havijui. Sasa hivi anavijua. Tangu hapo ya kula naanza na robo, alafu nangoja saa mbili nzima kwa saa ya ukutani, sio kwa saa ya kichwani.

Sina Kiasi
Ngoja na mimi niseme japo nitaharibu stori zenu. Kwangu mimi hakuna kiasi. Nilikuwa kwenye unga, yani heroini, miaka sita. Mwanzoni nilikuwa na sheria kama zenu hizo, mara moja kwa wiki, sivuti peke yangu, sindano kamwe. Zote nilizivunja moja moja na kila moja ilikuwa na sababu nzuri sana siku hiyo. Kufika mwishoni sikuwa navuta nipate stimu, navuta niikimbie arosto, ule mwili kuuma na kuharisha na kutetemeka, yani unatumia ili uwe kawaida kama mtu ambaye hatumii. Fikiria huo upuuzi.

Kitu ambacho nataka watu wakijue ni hiki. Rafiki yangu aliacha miezi kadhaa, alikuwa amenenepa, ana kazi. Akateleza siku moja tu, akachukua kipimo kile kile alichokizoea zamani. Mwili ulishasahau, ule uzoefu unapungua haraka ukiacha, kwa hiyo kipimo cha zamani kikawa cha kuua. Alikuwa peke yake chumbani. Kuna dawa inaitwa naloksoni inayorudisha pumzi kwa mtu aliyezidiwa na unga au zile dawa kali za maumivu, lakini lazima awepo mtu wa kumpa. Kwa hiyo mtu akisema kutumia ni uchaguzi binafsi mimi sibishi, mara ya kwanza nilichagua kwa akili zangu timamu. Baada ya hapo sijui nani alikuwa anachagua.

Nuru ya Jioni
@Sina Kiasi pole sana kaka yangu, na hongera kwa kutoka.

Mimi kwangu ilikuwa mvinyo na vidonge vya usingizi. Vidonge niliandikiwa na daktari, mvinyo nilijiandikia mwenyewe. Hakuna hata kimoja nilichokuwa nazidisha, ndio maana sikuogopa, glasi mbili na kidonge kimoja tu. Dada yangu ndiye alinikuta nakoroma mkoromo wa ajabu siamki, pumzi imekuwa ya kuvizia, ikabidi nikimbizwe hospitali. Vyote viwili vinapunguza kasi ya pumzi, kwa hiyo viwango vidogo viwili vikikutana havibaki vidogo. Pombe na dawa za usingizi, pombe na unga, pombe na dawa kali za maumivu, hiyo familia yote usiikutanishe. Na mtu akikoroma hivyo hajibu, msimwache eti alale pombe imtoke, mgeuzeni ubavu na muite msaada.

Nyongeza kwa wale wa kila siku: baba yetu mdogo alikuwa anakunywa kuanzia asubuhi, akaamua kwa hasira kuacha ghafla, siku ya pili akaanza kutetemeka na kuona vitu, akapata degedege. Pombe ni katika vilevi vichache ambavyo kuacha kwa ghafla kunaweza kukuua ukiwa umezama sana. Huyo anatakiwa kushushwa taratibu na daktari.

Moshi wa Kuomba
Mimi sigara, "navuta nikinywa tu". Nikaanza kunywa zaidi ili nivute. Leo pakiti kwa siku na pombe nimeacha 🤦

Kaa Chonjo
Yani watu wazima mnakaa kufundishana namna ya kuvuta bangi? Vijana wanasoma hapa. Uhuru binafsi gani huo wa kujiharibu.

Mleta mada
@Kaa Chonjo hasira yako naielewa. Ila kijana akisoma ya @Sina Kiasi na ya @Nuru ya Jioni akatamani kuanza, basi alikuwa ameshaanza. Na kwa vijana niko upande wako, ubongo unaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, na bangi kali kwenye umri huo, hasa kama kwenu kuna historia ya ugonjwa wa akili, ni kamari mbaya. Mtoto wa shangazi yangu alianza kusikia sauti akiwa sekondari, mpaka leo yuko kwenye dawa. Mimi nilivuta na yeye msokoto ule ule. Hapo ndipo neno kiasi linaponitatiza, maana kiasi changu kilikuwa sumu yake.

Na kuhusu watu kutumia kwa kuficha wakiogopa kukamatwa, Ureno tangu 2001 mtu akikamatwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe hashtakiwi kama mhalifu, anapelekwa kwenye kamati ya kuzungumza naye, ingawa bado hairuhusiwi na muuzaji bado anafungwa. Mtu asiyeogopa pingu anakuwa na mdomo wa kusema nimezidiwa nisaidieni. Sisi wengine tunasema kwa majina ya bandia kama hapa.

Mgeni 40
Nimewasoma wote kimya kimya. Mimi bangi kila usiku miaka minne, nikisema inanisaidia kulala. Mkuu ulivyosema mwezi mmoja nilikasirika, nikajiuliza nakasirika nini. Leo siku ya tisa. Usingizi hakuna, nikipata naota ndoto za ajabu mpaka naamka nimelowa.

Mzee wa Pafu Moja
Hizo ndoto ni kawaida mdogo wangu, bangi inabana ule usingizi wa ndoto, ukiacha zinarudi kwa fujo kama zilikuwa foleni. Kwangu zilipoa baada ya wiki mbili tatu. Uliota nini?

Mgeni 40
Naota navuta 😂 alafu naamka najilaumu kabisa.