Bata wa chambo wa mbao kutoka Marekani: rangi ni ya mwanzo au amepakwa upya?

Kale_na_Mbao

Wakuu, habari. Naomba msaada wa wanaofahamu sanaa ya kienyeji ya Marekani. Kuna bata wa chambo, wale wa kuelea majini ili bata wa porini washuke karibu na wawindaji, anauzwa pamoja na vitu vya nyumba moja huko Maryland. Ana macho ya kioo na tumbo bapa. Chini amepigiliwa kipande cha risasi (ile metali nzito ya kumtuliza majini) na kitanzi cha ngozi cha kufungia kamba, na kuna herufi tatu za chapa ya moto. Puti ya shingoni, ule ute mgumu wa kuzibia kiungo cha kichwa na mwili, imebanduka karibu nusu. Muuzaji anadai ametoka kiwanda cha Mason cha Detroit, daraja la Premier, yaani lile la juu, na rangi yote ni ya mwanzo.

Nianzie wapi kuhakikisha bila kumharibu? Na je, nimsafishe kwanza ili rangi ionekane vizuri? Anauzwa pamoja na kibubu cha sarafu cha chuma chenye mtambo na kitwitwi (ndege mdogo wa pwani) halisi aliyekaushwa ndani ya kisanduku cha kioo.

Fundi_Kerezo

Usimsafishe. Uchafu uliokaa kwenye nyufa za rangi ni sehemu ya ushahidi, ukiuondoa sasa hutaweza kuurudisha.

Mgeuze tumbo juu. Anayeghushi hutumia muda wake kichwani na mabawani kwa sababu wanunuzi hutazama huko. Chini ndiko anakochoka mapema.

Kiwanda cha Mason kilifanya kazi Detroit kuanzia 1896 hadi 1924. Miili ilikerezwa kwa mashine, kichwa na rangi vikamaliziwa kwa mkono. Premier huwa mtupu ndani, yaani nusu mbili za mbao zilizochimbwa na kuunganishwa. Kwa hiyo tafuta mstari wa kiungo unaozunguka mwili, kisha mgonge polepole kwa kifundo cha kidole mgongoni na ubavuni. Akilia kizito kama gogo na hakuna mstari, huyo yamkini si Premier. Huenda ni wa daraja la chini, na hao nao wana wapenzi wao, ila bei ni nyingine kabisa. Macho ya kioo peke yake hayathibitishi daraja: Mason alitia kioo hata kwa baadhi ya bata wake wa kawaida, wengine wakapewa msumari au doa la rangi.

Herufi za chapa ya moto zisikubabaishe. Mara nyingi ni za mwenye bata au za klabu ya uwindaji, ili bata wasichanganyike wanapokusanywa jioni. Mchongaji kupiga chapa yake si jambo la kawaida. Elmer Crowell wa East Harwich, Massachusetts, ndiye mfano unaojulikana zaidi, na chapa yake ya duara refu imeghushiwa kwa sababu bata wake wana bei kubwa mno. Mwaka 2007 kazi zake mbili ziliuzwa kwa dola milioni 1.13 kila moja. Kwenye chapa ya zamani, ndani ya herufi kuna uchafu na rangi iliyozeeka kama ya tumbo lote. Ukikuta makaa meusi safi na kingo kali zinazokata rangi ya zamani, ile imepigwa juzi.

Angalia na misumari. Ile ya waya, yenye kichwa cha duara, ilienea Marekani kuanzia miaka ya 1890, na skrubu ya nyota haikuwapo kabla ya miaka ya 1930. Lakini risasi ya chini ingeweza kubadilishwa wakati wowote, basi skrubu ya nyota kwenye risasi si kosa. Ikiwa imeshika kichwa, hapo kichwa kimewahi kufunguliwa.

Halafu uchakavu. Bata aliyefanya kazi huchakaa pale anaposhikwa na anaposuguana na wenzake ndani ya gunia: ncha ya mdomo, utosi, ncha ya mkia, sehemu pana ya mbavu. Bonde la shingo na chini ya mkia hubaki na rangi nyingi. Ukikuta rangi imesuguliwa sawasawa kila mahali, au mikwaruzo ya msasa yote imeelekea upande mmoja, mtu amekaa mezani akamzeesha.

Puti ya shingoni kubanduka ni kasoro ya kawaida sana kwa Mason, na kwangu ni ishara nzuri kuliko shingo laini isiyo na ufa. Usiijaze. Nusu iliyobaki ina thamani, na puti mpya itaificha.

Lenzi_Kumi

Naongeza kuhusu rangi, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Vifaa vitatu vinatosha: lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, tochi, na taa ya urujuanimno (UV) ya nanomita 365. Zima taa za chumba, laza tochi karibu sambamba na mbao, kisha mzungushe bata taratibu. Kama kuna rangi ya juu, utaona mistari ya mapambo ya zamani imevimba chini yake, haifuatani na mistari unayoiona. Hilo ni jibu tosha, huna haja ya kuendelea.

Kwa lenzi tazama nyufa. Rangi ya mafuta ya zamani hupasuka ikifuata mbao ilivyotanuka na kusinyaa, na ufa hupita matabaka yote. Rangi mpya hutiririka ndani ya ufa wa zamani na kuujaza. Ukiona rangi chini ya ufa, hiyo imekuja baada ya ufa kuwapo.

Taa ya urujuanimno ina mipaka yake, na wengi huitegemea kupita kiasi. Nyeupe ya zinki hung'aa kijanikimanjano, lakini ilitumika tangu karne ya 19, hivyo haikupi tarehe. Kinachosaidia ni tofauti: doa linalong'aa samawati kali, au doa jeusi juu ya sehemu inayong'aa hafifu, maana yake mtu ametia kiraka. Nyeupe ya titani ndiyo inayofunga mjadala, kwa kuwa ilianza kuuzwa kama rangi karibu na 1920. Ikipatikana kwa bata anayedaiwa kuwa wa 1900, rangi hiyo ni ya baadaye. Kuitambua kwa jicho haiwezekani, inahitaji kipimo cha eksirei cha kutambua madini. Makumbusho na mafundi wa uhifadhi wanacho cha mkononi, na hakichukui hata chembe ya rangi.

Mahali pa mwisho pa kutazama ni ukingo wa risasi na kitanzi cha ngozi. Kama havijawahi kung'olewa, rangi iliyo chini yake ndiyo ya mwanzo. Ilinganishe na ya tumbo kwa lenzi. Usiving'oe.

Kale_na_Mbao

Nashukuru sana. Kwa tochi naona kweli mistari miwili tofauti ubavuni, mmoja umevimba chini ya kijivu. Je, hiyo kijivu inaweza kuondolewa kwa asetoni?

Lenzi_Kumi

Hapana. Asetoni haichagui, italainisha ya juu na kuingia ya chini kupitia kila ufa. Mafundi huiondoa rangi ya juu kikavu, kwa kisu cha upasuaji chini ya darubini, sentimita chache za mraba kwa siku. Na pia fikiri kama inafaa kuondolewa. Wawindaji walipaka bata wao upya kila baada ya misimu michache. Rangi hiyo ya kazi ni historia ya bata mwenyewe, si ulaghai. Ulaghai ni muuzaji kuiita ya mwanzo, kwa hiyo bei ishuke.

Msasa usiguse kabisa. Rangi hizi zina risasi, na vumbi lake ni sumu.

Chuma_Kale

Kibubu: kichore msingi wake kwa penseli kwenye karatasi, kisha linganisha na vipimo vilivyochapishwa vya kile cha asili. Nakala hutengenezwa kwa kutumia kibubu cha asili kama kielelezo cha kutengenezea kalibu ya kumiminia chuma, na chuma kikipoa husinyaa takribani asilimia 1. Msingi wa inchi 8 utapungua kama milimita 2. Tarehe ya hataza (haki ya uvumbuzi) iliyo chini haisaidii kitu, nayo hunakiliwa pamoja na mengine. Vya asili, kwa mfano vya J. & E. Stevens wa Cromwell, Connecticut, walioanza na hataza ya mwaka 1869, vina chuma chenye uso laini na viungo vinavyobana. Ukihisi chembechembe za mchanga kwa kidole, ukaona nafasi kwenye viungo, skrubu ya nyota na kutu ya rangi ya chungwa, achana nacho. Usifyatue mtambo mara kwa mara kuonyesha wageni, chuma cha kalibu huvunjika ghafla.

Hifadhi_na_Sheria

Kwa huyo kitwitwi aliyekaushwa, usinunue ugomvi. Sheria ya Mkataba wa Ndege Wahamao ya 1918 inakataza kuuza ndege hao, kitwitwi akiwemo, na sehemu zao, na umri wa kitu haumwokoi muuzaji: mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa katazo la kuuza linagusa hata vitu vya manyoya vilivyopatikana kihalali kabla ya sheria. Manyoya ya tai yana sheria yake, kali zaidi. Bata na kibubu viandikiwe risiti yao, kitwitwi abaki. Kitwitwi wa mbao hana shida yoyote.

Ukimchukua bata, mtazame kama ana matundu ya wadudu yanayotoa unga mpya. Kama yapo na rangi haibanduki, mfunge kwa karatasi laini isiyo na asidi, kisha plastiki ya polithini iliyobanwa hewa, aingie kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima. Akitoka, muache ndani ya plastiki saa 24, la sivyo unyevu utaganda juu ya rangi. Rangi ikiwa inabanduka, hilo ni la fundi.

Unyevu wa chumba uwe asilimia 45 hadi 55. Mahali ambapo Wamarekani wengi huwaweka, juu ya meko, ndipo pabaya kuliko pote: joto hukausha mbao na kiungo cha Premier hufunguka. Mafuta ya kitani yasimguse, hugeuka meusi na hayatoki tena. Wala usimfungie kwenye kabati la mwaloni. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi, na risasi ya tumboni itaota unga mweupe. Ukiuona tayari, vaa glavu, usiupulize, mhamishie kwenye rafu ya chuma iliyopakwa rangi.

Kwa kulinganisha mistari ya rangi, Havre de Grace Decoy Museum iko Maryland hukohuko, na Shelburne Museum ya Vermont ina mkusanyo wa Joel Barber, mkusanyaji wa mapema wa bata wa chambo. Nenda na picha sita: pande zote mbili, mbele, nyuma, juu na tumbo, rula ikiwa ndani ya kila picha. Ya tumbo ipige kwa tochi iliyolazwa.