Eleanor wa Aquitaine: alichagua mume au alikimbia kunyakuliwa?

Mleta mada: Wakuu, baba yake alifia hija ya Santiago de Compostela 1137, binti yake Eleanor akaachiwa Aquitaine nzima, eneo kubwa la kusini-magharibi mwa Ufaransa. Julai hiyohiyo kaozwa Louis, mrithi wa Ufaransa. Machi 1152 ndoa ikavunjwa, na Mei yuko Poitiers anafunga ndoa na Henry, aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza. Haya ya pili aliyataka mwenyewe?

Jicho la Tai: Aliyataka. Ila msimpambe sana, kaacha mabinti wawili kwa Louis, mdogo hajatimiza hata miaka miwili. Mama gani huyo?

Mama Pacha: "Mama gani huyo" ndiyo nini, kaka? Maaskofu pale Beaugency, walipovunja ndoa, walisema mabinti ni halali na wabaki kwa baba. Angewaiba? Njiani kurudi kwao Thibaut, bwana wa Blois, alitaka kumteka amuoe kwa nguvu. Halafu huyohuyo Thibaut, Louis akaja kumwoza Alix, yule binti mdogo! Muulize baba.

Jicho la Tai: Dada, taratibu. Waliachana kwa sababu ya udugu wa damu, Kanisa lilikataza ndugu kuoana, si mimi niliyesema.

Kijiwe cha Kahawa: Udugu! 😂 Henry si alikuwa ndugu yake vilevile, tena wa karibu zaidi? Louis alitaka mtoto wa kiume, basi. Mama wa watu kafika kwa Henry kazaa wa kiume watano. Nadhani Louis alikuwa halali usingizi.

Mleta mada: Jamani, swali langu…

Jicho la Tai: Na hao wa kiume akawachochea 1173 wampige baba yao. Kakamatwa kavaa nguo za kiume, Henry kamfungia mama huyo mpaka Henry mwenyewe alipokufa 1189.

Mama Pacha: Kumbe unayajua yote ila unachagua ya kusema. Bibi huyo, sabini na kitu, 1200 kavuka milima ya Pirenei wakati wa baridi kumfuata mjukuu wake Blanche huko Castilla, Hispania. Huko nako ni kutelekeza?

Jicho la Tai: Kamfuata ili aozwe mrithi wa Ufaransa, mtoto wa miaka 12. Aliyofanyiwa yeye 1137 kamfanyia mjukuu.

Mama Pacha: Na Blanche akaja kuiendesha Ufaransa mwanawe akiwa mdogo. Au hilo nalo ulitaka likabidhiwe kwa Thibaut?